Jirani Anayekaa Chini Yetu

Hapa Bukavu tunasikia mara nyingi lalamiko hili: mji umeharibika kwa sababu watu wa vijijini wameujaza. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Mji kukua si kosa. Kosa ni mji kukua bila wakaaji wake kujaliana.

Tukumbuke kwanza jinsi watu walivyofika. Wakati wa ukoloni, mji huu ulipoitwa Costermansville, ulipangwa kwa ajili ya watu wachache. Wazungu walijenga kwenye rasi zinazoingia ziwani. Wafanyakazi Waafrika walipewa Kadutu, na baadaye Bagira. Miaka ikapita, na mashamba ya Kabare na Walungu yakagawanywa kati ya wana na wajukuu hata yakawa vipande visivyotosha kulisha jamaa. Vita vya 1996 na vya 1998 vikawafukuza wengi, wakakimbilia mjini kuokoa maisha yao. Wengine walifuata shule, hospitali na soko. Nani kati yetu, akichunguza ukoo wake, hatamkuta babu au mama aliyeingia mji huu na mzigo kichwani?

Waliofika walijenga palipobaki: kwenye miteremko na ukingoni mwa makorongo. Miti ikakatwa, njia za maji zikazibwa. Huko Funu udongo husogea na kuta hupasuka. Mvua kubwa ikinyesha usiku, walio juu hulala, walio chini hukesha. Nazo takataka tunazotupa korongoni hazipotei. Maji huzipeleka ziwani, kisha katika mto Ruzizi, na huko chupa na mifuko ya plastiki huziba mitambo ya bwawa linalotupa umeme. Giza tunalolilaumu jioni, sehemu yake tumeitupa wenyewe asubuhi.

Mateso haya hayakuanza kwetu. Katika karne ya 19 London ilikua upesi kuliko mifereji yake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua maelfu ya watu. Mwaka 1858 mto Thames, uliojaa uchafu wa vyoo, ulinuka hata wabunge wakashindwa kuvumilia ukumbini mwao. Ndipo sheria ikapitishwa upesi, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi. London haikuwafukuza watu wake. Ilijifunza kukaa nao. Lakini tuone pia ubaya wake: maskini walikuwa wamekufa miaka mingi kabla uvundo haujafika puani mwa wakubwa. Je, nasi tungoje hivyo?

Tutaambiwa kwamba hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na tuidai bila kuchoka. Anayetoa hati ya kiwanja ukingoni mwa korongo anauza hatari. Anayejenga barabara bila mfereji anamwaga maji katika nyumba ya mwingine. Lakini mdomo hauwezi kudai haki huku mkono unatupa mfuko korongoni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kila kikundi kichague mfereji mmoja karibu na parokia, kiuzibue kabla ya mvua za Septemba na kuutunza kila juma, bila kuhamishia takataka katika korongo la pili. Kipande miti na nyasi zenye kushika udongo kwenye mteremko ulio wazi. Kisha kiende pamoja na wakaaji wa hapo mbele ya wakuu wa kartye na wa komine, kikiwa na orodha ya mahali pa hatari iliyoandikwa wazi, kidai majibu.

Nanyi mtakaotafuta kiwanja kesho, msiulize bei tu. Ulizeni pia: maji ya paa langu yatashukia kwa nani? Huyo ndiye jirani yenu, hata kama bado hamjui jina lake.