Makiso inajengwa: watu wa miguu wapite wapi?

Katika komine ya Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, nyumba za zamani zinapisha majengo ya biashara ya ghorofa. Tunashukuru kwa hilo. Mji huu ulipigwa vikali na vita, hasa zile siku sita za Juni 2000, na kila duka linalofunguliwa ni kazi kwa vijana wetu.

Lakini kila duka jipya linavuta watu, na watu wanakuja na pikipiki, kinga, pusu-pusu na magari ya mizigo. Vyombo hivyo visimame wapi? Mwenye jengo asipojibu swali hilo ndani ya kiwanja chake, vitasimama kandokando ya barabara, pale wanapopita watu wa miguu. Ndipo mama mwenye beseni kichwani analazimika kushuka katikati ya magari.

Kabla ya kudai maegesho, tuangalie kwanza nani anakuja mjini. Wabelgiji waliipanga Makiso kuwa makao ya Wazungu, yenye barabara pana. Waafrika walipewa mitaa ya pembeni kama Tshopo, Mangobo na Kabondo. Mpaka leo watu wengi wanatoka huko asubuhi kuja sokoni na kazini. Ndugu zetu wa Lubunga, ng'ambo ya kushoto, wengi wao wanavuka mto kwa mtumbwi na kushuka ufukweni bila chombo chochote. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, mji ulipokatwa na Kinshasa na mafuta yakawa adimu, baiskeli za abiria ndizo zilizobeba Kisangani. Watu waliziita toleka, yaani «tupite» kwa Kilingala. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwenye gari lake mwenyewe ni mtu mmoja kati ya wengi.

Kwa hiyo tusinakili sheria za miji ya magari. Huko Marekani, kwa miaka mingi, miji ilidai kila duka liwe na idadi fulani ya nafasi za magari. Viwanja vikageuka lami tupu, maduka yakaachana mbali, na asiye na gari akapata shida kufika. Mwaka 2017 mji wa Buffalo ulifuta madai hayo. Mwaka huohuo Mexico City iliacha kuweka kiwango cha chini cha maegesho, ikaweka kiwango cha juu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Gari moja, pamoja na nafasi ya kuligeuza, linahitaji kama mita za mraba 25. Magari 20 yanameza mita 500, yaani kiwanja kizima cha mita 20 kwa 25. Pale linaposimama gari moja tu, bila hata kuhesabu nafasi ya kuligeuza, zinaenea pikipiki tano au sita.

Hata hivyo, kumwacha kila mtu ajenge mpaka ukingo wa barabara ni kumpa faida yeye na kuwaachia wapita njia hasara. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mwenye hati amepewa haki ya kuutumia. Barabara nayo ni ya wote. Torati pia ilimwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushie dari ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo (Kumbukumbu la Torati 22:8). Anayejenga anawajibika kwa usalama wa mtu ambaye hata hamjui.

Sisi tunaona mambo matatu yanawezekana. Kwanza, kibali cha kujenga jengo la biashara kidai mahali pa kushushia mizigo na pa kusimamisha pikipiki na kinga ndani ya kiwanja, kabla ya kudai nafasi za magari. Pili, njia ya miguu mbele ya jengo ibaki wazi, na wenye pikipiki na mama wachuuzi waonyeshwe mahali pao karibu na wateja. Kuwafukuza bila kuwapa mahali ni kuhamisha shida tu, kwa sababu kesho watarudi. Watoto wao wanakula kutokana na kazi hiyo. Tatu, pesa zinazolipwa kwa maegesho zionekane barabarani, kwenye mitaro na taa. Asiyeona matunda ya kodi huchoka kuilipa.

Nairobi ilijaribu jambo linalofanana mwaka 2019 katika barabara ya Luthuli, yenye maduka mengi ya vyombo vya umeme. Magari yalibaki na mwelekeo mmoja, na watu wa miguu wakaongezewa nafasi. Barabara ya maduka inaweza kupangwa upya bila kubomoa maduka yake.

Makanisa nayo yasijitoe. Sisi pia tunajenga, na siku ya Jumapili pikipiki za waumini wetu hujaa mbele ya nyumba za majirani. Parokia yenye uwanja mjini inaweza kuufungua siku za kazi kwa wanaokuja sokoni, kwa mapatano na komine. Tukianza kwetu, tutakuwa na uso wa kumwambia meya na wenye maduka kwamba mji unaojengwa usimsahau anayeufikia kwa miguu.