Uwanja Umekuwa Kiwanja

Leo naomba tuviweke kando vina na mizani, tuzungumzie mahali pa kukaa. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi siku niliyostaafu, nilifundisha Kiswahili sekondari nikiamini kwamba adui wa ushairi ni uvivu wa wanafunzi. Sasa nimerejea Kerenge, na ninamwona adui mwingine ambaye sikuwahi kumtungia mtihani: shairi limekosa pa kusemewa.

Lugha yenyewe imekwisha kutuambia. Uwanja ni pa wote; watoto hucheza hapo, maharusi hupita, na msiba ukitokea watu hutandika mikeka. Kiwanja, katika midomo ya leo, kina bei, kina mawe ya mipaka na kina mwenyewe. Na kwa kuwa wingi wa uwanja kwa wengi wetu ni viwanja, mtu aweza kuuza viwanja vitatu na asiyesikiliza kwa makini asijue kilichouzwa ni nini. Neno baraza lina bahati zaidi. Ni kikalio kilichojengwa ukutani mwa nyumba, na papo hapo ni watu waliokikalia. Ndiyo maana chombo kilichoundwa kwa sheria mwaka 1967 kusimamia Kiswahili chetu kinaitwa Baraza. Wazee walielewa kwamba pasipo kikalio hapana kikao.

Nilikulia katika bonde hili la mkonge. Mashambani walikuwapo manamba waliotoka mbali, kila watu na ngoma yao, na Jumapili ilipofika tuliwazunguka tukiwatazama. Hawakuwa na jukwaa. Walikuwa na ardhi iliyofagiliwa, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kutaniana baina ya ngoma na ngoma. Shuleni nako tulikariri ngonjera, kwani vitabu viwili vya Mathias Mnyampala, Ngonjera za UKUTA, vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka 1969. Sikukuu ya Saba Saba tulizisema uwanjani mbele ya wazazi. Nilitetemeka magoti, lakini nilisikilizwa na watu ambao hawakuja kwa ajili ya ushairi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Nimo katika makundi mawili ya washairi kwenye simu, na siyadharau. Nikituma ubeti jioni, malenga wa Mombasa hunijibu kabla sijala. Lakini humo tunasomana sisi kwa sisi. Miaka michache iliyopita nilisema shairi langu chini ya mwembe, penye muuza kahawa. Nilipomaliza, kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria alinijia kwa adabu. “Shikamoo, mwalimu. Samahani, ubeti wa tatu kuna mahali panachechemea.” Nilihesabu kwa vidole. Utao wa mshororo wa pili ulikuwa na mizani saba! Katika makundi yote mawili shairi hilohilo lilikuwa limesifiwa tu.

Katika kijiji kimoja cha bonde hili, ambacho sitakitaja, uwanja wa ngoma ulipimwa na kugawanywa, leo ni maduka. Wenyeji niliowauliza hawakumbuki jambo hilo kuletwa mkutanoni. Nao hawakukosa ulinzi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia. Sheria hiyo twaitaja tukigombania mashamba, ila sijapata kumsikia mshairi akiitaja kwa ajili ya mwembe.

Wapo wanaosema tusubiri ukumbi wa kisasa. Mimi siutaki, na nasema hivyo nikijua nitachukiwa. Ukumbi una ufunguo, na ufunguo una mtu. Ukumbi hukodishwa, na mwenye arusi atamshinda mwenye utenzi daima. Tena bati likipigwa na mvua ya masika, hata msema kwa kipaza sauti hasikiki.

Ninachotaka ni kidogo: mti wenye kivuli, baraza fupi za tofali zilizosakafiwa na kupindwa mfano wa kwato ya farasi ili watu waonane nyuso, taa moja ya jua, na ubao wa kubandika beti mpya. Na choo safi chenye maji. Msicheke. Vikao vya kahawa vimekuwa vya wanaume kwa sababu nyingi, na mojawapo ni hiyo; mama aliyetoka nyumbani saa nane hawezi kungoja zamu yake ya kusema hadi magharibi mahali pasipo na choo. Twalalamika kwamba malenga wanawake ni wachache vikaoni, nasi hatukuwajengea hata mlango wa bati.

Wauza kahawa, machungwa na mihogo wasifukuzwe kwa jina la usafi. Pale Forodhani, Unguja, bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na wachoma samaki wakaendelea na kazi yao jioni. Watu hufuata harufu ya chakula kwanza. Shairi litawakuta wameketi.

Mkutano Mkuu wa Kijiji sharti uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Kwa mkutano ujao nimemwomba mwenyekiti dakika kumi, naye amenipa tano. Sijaamua bado kama nitazitumia kwa nathari au kwa beti.