Mwanao Akipata Kazi Chini ya Ghorofa

Ndugu msomaji, labda utauliza: "Mimi nakaa kijijini. Gari sina, na nyumba yangu haina ghorofa. Habari za maegesho ya mjini zanihusu nini?" Subiri kidogo. Mfikirie kijana wako aliyekwenda Nairobi au Dar es Salaam kutafuta kazi. Mara nyingi kazi ya kwanza apatayo ni ulinzi, au kuosha magari, au kufagia katika nyumba kubwa ya ghorofa. Na nyumba nyingine za namna hiyo hazina uwanja wa kuweka magari. Magari hushushwa chini ya ardhi, katika chumba kipana kama pango, na juu yake watu wanalala na watoto wao. Huko ndiko mwanao anakoshinda mchana au kukesha usiku. Basi yafaa wewe mzazi ujue pana hatari gani, na pana vitu gani vya kumlinda, ili umwonye vema kabla hajapanda basi. Tena, utaona mwishoni kwamba adui mmoja wa huko anaijua pia njia ya nyumbani kwako.

Maadui wenyewe ni watatu: hewa mbaya, moto, na maji.

Tuanze na hewa. Injini ya petroli hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, hushikamana na damu yake kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuupelekea mwili uzima wake. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea. Asipotoka nje, huzimia na kufa. Uwanjani upepo huichukua sumu hii. Chini ya ardhi hakuna upepo. Kwa hiyo wajenzi wema hutia mapangaboi makubwa ya kutoa hewa mbaya na kuingiza njema, na ukutani hutundika vyombo vidogo vya kuipima hewa. Sumu ikizidi, vyombo hivyo huwasha mapangaboi vyenyewe, au hupiga kengele. Lakini mapangaboi hula umeme, na umeme ni fedha. Mwenye nyumba akiyazima ili kupunguza gharama, anayelipa ni yule aliye chini. Mlinzi anayeumwa kichwa kila zamu, na akitoka nje hupata nafuu, asidhani ni malaria tu. Na aseme, tena mapema.

Adui wa pili ni moto. Sikiliza yaliyotokea Korea Kusini, katika mji wa Incheon, tarehe 1 Agosti 2024. Gari moja la umeme lilikuwa limesimama katika maegesho ya chini ya nyumba za ghorofa. Halikuwa likitembea, wala halikuwa likitiwa umeme. Alfajiri likawaka. Darini palikuwa na mabomba ya kunyunyiza maji, yaliyowekwa hasa kwa siku kama ile. Kengele ililia. Lakini wachunguzi waligundua kwamba mtu wa ofisi ya jengo alibonyeza kitufe cha kuyazuia maji, na alipokiachia baada ya dakika chache, maji hayakuja tena. Moto ukala makumi ya magari, na mamia mengine yakajaa masizi. Wazima moto walihangaika zaidi ya saa 8. Watu zaidi ya 20 waliumizwa na moshi, na jamaa nyingi wakakosa maji na umeme kwa siku kadhaa. Kwa bahati njema hakufa mtu.

Angalia basi: vifaa vilikuwapo, navyo vilinunuliwa kwa fedha nyingi. Kilichokosekana ni mtu aliyefundishwa. Kengele ikizoea kulia bure, watu huacha kuiamini. Huinyamazisha kwanza, ndipo wakaenda kutazama. Dawa yake ni kuitengeneza kengele isilie bure.

Tena kuna mlango wa ngazi. Mlango huo ni mzito na hujifunga wenyewe, kwa makusudi: moshi usipande ngazini, kwa maana ngazi ndiyo njia ya watu wa juu ya kutokea. Vijana wengi huchoka kuusukuma, wakauwekea jiwe ubaki wazi. Jiwe lile siku ya moto laweza kuua jamaa nzima ya ghorofa ya nne. Mwambie mwanao aliondoe. Na moto ukiwaka asiingie katika lifti. Ashike ngazi, na moshi ukimfikia ainame chini, kwa sababu moshi wa moto hupanda juu kwanza.

Adui wa tatu ni maji, naye ndiye watu wanayemdharau zaidi. Mteremko ule ule unaoshusha magari hushusha na mafuriko. Huko huko Korea Kusini, katika mji wa Pohang, tarehe 6 Septemba 2022, tufani iliujaza mto karibu na nyumba za ghorofa. Wenyeji waliambiwa wakayatoe magari yao chini. Wakashuka. Maji yakaingia kwa ghafula, na watu 7 wakafa humo. Wawili tu waliokolewa usiku, baada ya kukaa saa nyingi karibu na dari, kwenye mabomba, palipobaki nafasi ndogo ya hewa. Na huko Hispania, katika jimbo la Valencia, mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 yaliua watu zaidi ya 200. Wengine wao walikutwa katika magereji ya chini ya nyumba.

Pampu za kutoa maji zinasaidia, na vizuizi vya mlangoni vinasaidia pia. Lakini mvua kubwa huzishinda pampu, na umeme ukikatika pampu zenyewe husimama. Tena fikiri uzito wa maji. Yakifika nusu meta nyuma ya mlango, huusukuma kwa nguvu ipitayo uzito wa gunia la mahindi. Nani ataufungua? Gari hununuliwa tena. Mtu hanunuliwi.

Sasa turudi nyumbani, kama nilivyoahidi. Sumu ile ya injini ndiyo hiyo hiyo itokayo katika makaa yanayowaka. Msimu wa baridi mama huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, na watoto hulala wakiwa na joto. Asubuhi hawaamki. Jiko lisilotoa moshi halimaanishi kwamba halina sumu. Hali kadhalika pampu ya petroli: isiteremshwe kamwe kisimani, wala injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Na mtu akianguka kisimani kwa hewa mbaya, usishuke kumfuata kamwe. Mara nyingi huzikwa wawili, yule wa kwanza na ndugu aliyemfuata.

Basi, kijana wako akikuaga, mpe nauli, na mpe na maneno haya. Siku ya kwanza kazini aulize milango ya kutokea iko wapi, naye aitembee yote kwa miguu yake. Aulize mapangaboi yawashwa na nani, na kengele ikilia yeye afanye nini. Mlango wa ngazi asiuwekee jiwe. Asilale ndani ya gari lililowashwa. Mvua kubwa ikinyesha apande juu, hata kama tajiri anamwita ashuke kuokoa gari. Kazi akiikosa atapata nyingine.

Nawe mwenyewe, usiku wa leo, kabla ya kulala, litoe jiko nje. Tahadhari kabla ya hatari.