Panya wa maabara naye apimwe

Mwaka 1992, huko Frederick katika jimbo la Maryland nchini Marekani, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani walikuta kitu kilichowaduwaza. Panya ambao hawakupewa kemikali yoyote, wale waliotengwa ili wenzao walinganishwe nao, walikuwa na homa ya ini na hata vivimbe vya saratani. Chanzo kilikuwa bakteria ambaye sayansi haikumfahamu. Mwaka 1994 alipewa jina la Helicobacter hepaticus. Ni wa jamii moja na yule anayewaletea binadamu vidonda vya tumbo.

Kundi la kulinganishia likiugua, jaribio zima limeharibika. Ubaya zaidi ni kwamba panya wengi wenye vijidudu vya namna hii hula, huzaa na kukimbia kama kawaida, na anayewatazama kwa macho ataapa kuwa ni wazima.

Wapo wanaolalamika kwamba panya wa maabara amesafishwa kupita kiasi, hafanani tena na panya yeyote wa duniani. Hoja yao ina uzito, lakini haimwondolei mtu wajibu wa kupima. Mwaka 2009 maabara ya Dan Littman, New York, ilieleza kwa nini panya wa ukoo uleule, kutoka kwa wafugaji wawili, walitofautiana kinga ya utumbo. Wale wa kampuni ya Taconic walikuwa na bakteria wembamba kama uzi wanaong'ang'ania ukuta wa utumbo na kuchochea seli fulani za kinga. Wale wa Jackson hawakuwa nao. Bakteria hao hawamuumizi panya, ila watafiti wawili walionunua kwa wafugaji hao tofauti wangeweza kubishana miaka kuhusu dawa moja, kila mmoja akiwa na takwimu sahihi.

Mwongozo wa ARRIVE wa mwaka 2020 unashauri hali ya afya ya wanyama itajwe katika ripoti za utafiti. Ushauri hautoshi. Jarida linalodai umri wa panya na kiasi cha dawa aliyopewa lidai pia majibu ya vipimo vya vijidudu, na yasipokuwapo, makala irudishwe kwa mwenyewe.

Namna ya kupima nayo ibadilike. Kwa miaka mingi panya wachache wamewekewa maranda machafu ya wenzao, kisha wakauawa na kuchunguzwa. Njia hiyo huwakosa baadhi ya wahusika, virusi vya Sendai vikiwemo, kwa kuwa haviambukizwi vizuri kupitia maranda. Leo vumbi linalonaswa kwenye mfumo wa kutoa hewa ya vizimba hupimwa vinasaba, na vumbi halihitaji kuuawa. Maabara isiyo na vizimba vya aina hiyo inaweza kuchukua kinyesi na kupangusa manyoya ya panya wenyewe, nao wakabaki hai.