Sauti inakatika, na intaneti haina kosa

SAFU: WAYA NA SAUTI
Na Zuhura Mwinyi

Tuseme mama mmoja anapiga simu zahanati saa moja asubuhi, mtoto amekesha na homa. Anapokelewa na sauti iliyorekodiwa: "Ka…bu. Kwa hud… bonyeza mo…" Linafuata tangazo la sikukuu, naye anasikia kwamba leo "tutafunga". Anakata simu, anambeba mtoto na kutafuta usafiri wa kwenda mbali zaidi. Rekodi ilisema "hatutafunga".

Silabi moja tu imemezwa. Kiswahili huweka ukanushi pale mwanzoni mwa kitenzi, na "ha" ikipotea hakuna neno jingine la akiba la kumwokoa msikilizaji. Ndiyo maana sauti inayokatika kwenye seva ya simu si kero ndogo ya kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi akiitwa, jibu la kwanza mara nyingi ni mtandao: ongezeni kasi, hameni kampuni, nunueni kifurushi kikubwa. Huenda ni kweli. Lakini lipo swali la kuuliza kabla pochi haijafunguliwa. Watu wawili wakizungumza kupitia seva hiyo hiyo, sauti zao nazo zinakatika? Kama mazungumzo yanapita safi, ila makaribisho na muziki wa kusubiri vinakatakata, wa kushukiwa kwanza ni seva yenyewe, hasa saa yake.

Sababu yake inaeleweka hata na asiye fundi. Simu ya intaneti inayotumia kiwango cha G.711 huchukua sampuli 8,000 za sauti kila sekunde na kuzifunga katika pakiti 50, kila pakiti ikibeba milisekunde 20. Watu wanapozungumza, simu zao ndizo zinazopiga mdundo. Seva inapokea na kupitisha, kama mtu aliyesimama katikati ya mstari wa kupokezana ndoo za maji. Rekodi ni habari nyingine. Faili limelala kwenye diski, halina mdundo wowote, na seva ndiyo inayopaswa kuhesabu: toa pakiti, ngoja milisekunde 20, toa nyingine. Ikichelewa, simu ya upande wa pili inaishiwa sauti na kunyamaza. Ikishtuka na kumimina pakiti kadhaa kwa mkupuo, zile zilizopitwa na wakati hutupwa.

Tatizo hili lina umri karibu sawa na Asterisk, programu huria inayoendesha seva nyingi za aina hii duniani. Mwaka 1999, huko Huntsville, Alabama, Mark Spencer alihitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake changa ya kuhudumia watumiaji wa Linux. Mitambo ya sokoni ilimshinda bei, akaandika wake. Kwa upande wa vifaa, Jim Dixon alibuni kadi za simu za bei nafuu zilizoachia prosesa ya kompyuta kazi nzito. Kadi hizo zilikuwa na faida nyingine: ziliigutusha kompyuta mara 1,000 kila sekunde, na Asterisk ikayafanya mapigo hayo kuwa saa yake. Aliyefunga seva bila kadi alikosa pia saa, na muziki wa kusubiri ukaanza kukwama. Ikabidi itungwe ztdummy, programu ndogo iliyojifanya kadi kwa kuazima mapigo kwenye vifaa vya USB vya kompyuta.

Leo Asterisk inaweza kuchukua mapigo kutoka Linux yenyewe kupitia moduli ya timerfd, hivyo kadi si lazima. Saa, hata hivyo, bado inaweza kuyumba, na kuipima hakugharimu hata shilingi. Fundi anafungua dirisha la amri za Asterisk na kuandika maneno mawili: timing test. Baada ya sekunde moja linatoka jibu linalotaja moduli inayotumika, milisekunde zilizopita na mapigo yaliyohesabiwa. Seva yenye afya husema 1,000 na 50. Ikisema mapigo 43, hakuna kifurushi cha intaneti kitakachorudisha yale saba. Kipimo hiki kifanywe saa za pilikapilika, simu zikiwa nyingi, kwa sababu seva iliyopumzika usiku inaweza kupita mtihani bila shida.

Siku hizi mshukiwa mkubwa ni mashine pepe. Ofisi inakodi sehemu ndogo ya kompyuta kubwa iliyo mahali pengine, ikigawana prosesa na wapangaji isiyowajua. Jirani akilemea, seva ya simu inasimamishwa kwa kitambo kidogo, na milisekunde 20 zinapita. Amri ya top kwenye Linux huonyesha kiasi hicho cha muda ulioporwa, kwenye alama ya st. Namba hiyo ikipanda kila rekodi inapokatika, dawa ni kuhamia mashine yenye prosesa isiyogawanywa, au kuirudisha seva kwenye kompyuta yake yenyewe.

Mafaili nayo yana lawama. Muziki wa kusubiri ukiachwa katika MP3, prosesa inaufumua upya kila mara. Ni afadhali ugeuzwe mara moja kuwa wa mkondo mmoja wa sauti, sampuli 8,000 kwa sekunde.

Mtandao usiachiwe huru bila kupimwa. Simu moja ya G.711, ikiwa pamoja na anwani na vichwa vya pakiti, hula takriban kilobiti 80 kwa sekunde kila upande. Simu kumi hazifiki hata megabiti moja. Ofisi yenye megabiti kumi inayosikia sauti zikikatika pengine haina upungufu wa kasi. Inawezekana pakiti za sauti zimekwama nyuma ya video anayopakua mtu wa chumba cha pili, na hilo hurekebishwa kwenye ruta kwa kuzipa sauti kipaumbele. Na kama simu iliyounganishwa kwa waya mfupi kwenye swichi moja na seva bado inakatika, kampuni ya intaneti haihusiki.

Kwa hiyo mteja ana haki ya kudai majibu matatu kwa maandishi kabla ya kulipia chochote: mapigo yaliyohesabiwa simu zikiwa nyingi, hali ya simu ya waya mfupi, na hali ya mlio wa majaribio wa Milliwatt uliomo ndani ya Asterisk. Huo ni mlio mmoja wa hezi 1,004 unaotengenezwa na seva yenyewe, bila faili wala diski. Mpokezi wa zahanati anaweza kuusikiliza mwenyewe kwa dakika moja, kalamu mkononi, akitia alama kila unapokatika.