Kalamu kwa Anayesimuliwa

Jina la Sumbawanga hufasiriwa na wengi kuwa ni amri: tupa uchawi. Mji wenye jina hilo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi, mahindi na ulezi, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam. Lakini amri iliyo katika jina la mji si lazima ikae katika moyo wa kila mtu. Februari 2013, katika Mkoa wa Rukwa, mtoto mwenye ualbino aliyekuwa akirudi kutoka shule alikatwa mkono. Mwezi huo huo mama mmoja mwenye ualbino alipatwa na msiba wa namna hiyo. Machi 2015 ikawa zamu ya mtoto mwingine. Waliotenda maovu hayo walitafuta viungo vya binadamu kwa imani kwamba huleta utajiri.

Habari hizo ziliandikwa. Hapana awezaye kudai kwamba magazeti yalinyamaza. Swali ni hili: ziliandikwa na nani, na mwenye ualbino alikuwa nani ndani yake? Aghalabu aliingia katika gazeti kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa jeraha. Hakuulizwa juu ya bei ya mahindi wala juu ya uchaguzi; sembuse kutumwa kwenda kuwauliza wengine. Hata jina lake alichaguliwa. Aliitwa zeruzeru, na mitaani akaitwa "dili", yaani kitu cha kuuzwa kwa faida. Ulimi ulikwisha kumfanya mtu bidhaa kabla panga halijainuliwa.

Dawa moja ya ugonjwa huu inajulikana: vijana wenye ualbino wa Ufipa na kwingineko walipiwe masomo ya uandishi wa habari, kwa fungu lililotengwa kwa ajili yao, mpaka wawe waandishi na wahariri. Dawa hiyo ina wapinzani, na hoja zao zastahili kujibiwa moja moja.

Wa kwanza husema kwamba huruma iliyopo yatosha. Huonyesha mabweni yaliyowahifadhi watoto, kofia, na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi. Vitu hivyo ni vyema, na jua la nyanda za juu halina msamaha kwa ngozi isiyo na kinga. Lakini mafuta huilinda ngozi, hayalindi jina. Mtoto aliyefichwa nyuma ya ukuta yu salama na adui wa nje, ilhali nje ya ukuta uongo uliomfukuza waendelea kusimuliwa, naye hayupo kuukanusha. Huruma isiyompa mtu kauli humwacha pale pale ilipomkuta.

Wa pili husema kwamba kutenga fungu ni upendeleo, na kwamba nafasi ziende kwa wenye alama bora. Hoja hii husikika kama haki, lakini yasahau macho. Ualbino hupunguza nguvu ya kuona. Mtoto huketi dawati la mbele, na bado maandishi ya ubaoni humponyoka. Kitabu cha herufi ndogo kwake ni ukungu. Baada ya miaka 11 ya namna hiyo, alama zake hupima umbali wa ubao kuliko zinavyopima akili. Zaidi ya hayo, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilitaka mwandishi awe na ithibati, na kanuni za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu. Asiye na ada ya chuo, basi, hakukosa cheti tu. Alifungiwa kazi yenyewe. Mlango ukipewa kufuli, ni wajibu wa aliyeifunga kuuliza nani hana ufunguo.

Wazee wa Ufipa walilijua jambo hili kwa njia yao. Wafua chuma wa uwanda huo walijenga matanuri marefu ya udongo, kupita kimo cha mtu, na mabaki ya baadhi yake yameonekana hata katika zama hizi. Jiwe la chuma halikuitwa pungufu kwa sababu lilihitaji tanuri. Hapana jembe lililotoka ardhini likiwa jembe.

Wa tatu ni wapinzani wenye hoja nzito zaidi. Huuliza: je, Vicky Ntetema hakuifanya kazi hiyo bila kuwa na ualbino? Ni kweli. Mwaka 2008, akiwa mwandishi wa BBC, aliwaendea waganga kwa siri, akafichua biashara yao, akatishiwa maisha. Na mwaka 2010 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi. Heshima yake haipunguzwi na mtu. Lakini taifa lisilokuwa na njia ila kungoja shujaa limekiri kwamba halina utaratibu. Tena, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye ualbino ajua jinsi jirani anavyomtazama katika miaka ya amani, wakati hakuna damu wala kichwa cha habari. Na huko ndiko maovu huanzia. Mwaka 2015 Henry Mdimu, mwandishi wa habari mwenye ualbino, alikuwa mbele katika kampeni ya Imetosha. Mfano wake wathibitisha kwamba jambo hili lawezekana. Uchache wa mifano ya namna yake ndio unaoaibisha.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Mwaka 1968 tume ya Otto Kerner nchini Marekani, iliyochunguza ghasia za mijini, ilikuta kwamba watu weusi hawakufika asilimia 5 ya wenye kazi za uandishi na uhariri wa habari, ikayalaumu magazeti kwa kuitazama nchi kwa macho ya wazungu peke yao. Mhariri Roy Aarons alikuwa miongoni mwa walioanzisha taasisi ya kuwafunza waandishi wasio wazungu. Mwaka 1990 alianzisha chama cha waandishi wa habari wapendao watu wa jinsia yao, na chama hicho hutoa ufadhili wa masomo wenye jina lake kwa wanafunzi wa kundi hilo. Makundi hayo hayafanani na watu wenye ualbino wa Rukwa, lakini yote yameonja jambo moja: kuandikwa na wasiowajua. Dawa iliyochaguliwa huko haikuwa kuwaomba wahariri wawe wapole. Ilikuwa kuwasomesha wanaosimuliwa ili washike kalamu.

Ufadhili wa kweli, hata hivyo, haukomi kwenye ada. Mwanafunzi anayetoka Ufipa kwenda chuo cha Mwanza au Dar es Salaam ahitaji nauli, makazi salama, miwani na darubini ndogo ya kusomea ubao, maandishi makubwa, na muda wa ziada katika mtihani. Baada ya chuo ahitaji kiti katika chumba cha habari, tena kiti cha kawaida. Akitumwa kila siku kuandika juu ya ualbino peke yake, atakuwa amehamishwa kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Apewe bajeti, barabara, mpira na mahakama kama wenzake.

Wanaostahili kulipa kwanza ni wenye magazeti na redio. Miaka mingi misiba ya watu hawa imejaza kurasa zao, na hapana aliyekatwa mkono ambaye aliyalipisha kwa habari yake. Ada ya mwanafunzi mmoja ni sehemu ndogo ya deni hilo, na deni lililolipwa haliitwi sadaka.