Wakaguzi waulize data zilirejeshwa lini

Taasisi inayotunza kumbukumbu zake kwenye kompyuta, iwe hospitali ya wilaya, SACCOS, chuo au ofisi ya ardhi, huulizwa na wakaguzi kama ina nakala rudufu za data zake. Karibu zote hujibu kwamba zinazo, na mara nyingi husema kweli: kuna diski ya nje kabatini, au faili linaloandikwa kila usiku kwenye seva nyingine. Mkaguzi anaweka alama ya vema na kuendelea na swali linalofuata. Naona swali hilo halipimi kitu tunachokihitaji. Siku kanzidata inapoharibika, kinachomwokoa mgonjwa au mwanachama ni uwezo wa kurejesha kumbukumbu zake, na uwezo huo haujulikani kama upo mpaka mtu achukue nakala, aipakie kwenye mashine tupu, aifungue na kukagua kilichomo. Zoezi hilo la kurejesha lingepaswa kuwa la lazima kwa kila taasisi inayoshika kumbukumbu za wananchi, likiwa na tarehe, matokeo na sahihi ya mkuu wa taasisi.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitolewa na waliofikwa wenyewe. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za watengenezaji programu duniani kote, alikuwa akihangaika usiku kurekebisha seva ya pili ya kanzidata. Alitoa amri ya kufuta folda la data akidhani yuko kwenye seva hiyo, kumbe alikuwa kwenye seva kuu. Alipowahi kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki takriban 4.5. Kosa la namna hiyo linaweza kumpata fundi yeyote aliyechoka. Linalopaswa kututisha ni lililofuata. Kampuni ilikuwa na njia tano za kunakili data, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Nakala za kila siku zilizotakiwa kupelekwa kwenye hifadhi ya Amazon hazikuwepo, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL ilhali kanzidata ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kazi ilikwama kila ilipoanza. Barua pepe za kuwaarifu wahandisi kuhusu kukwama huko nazo zilikataliwa na mfumo wa kupokea barua kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Picha za diski za huduma ya wingu ya Azure hazikuwa zimewashwa kwenye seva za kanzidata. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya mkasa, kwa ajili ya majaribio yasiyohusiana kabisa na usalama wa data. Kuirejesha kulichukua takriban saa 18, kwani ilikuwa kwenye diski za polepole, na kazi ya saa hizo sita ikapotea: miradi ipatayo 5,000, maoni ya idadi kama hiyo, na akaunti mpya zipatazo 700. Hao walikuwa wahandisi hodari wenye vifaa vya kutosha, na zoezi moja la kurejesha lingewaonyesha mapema kwamba mahali walipoamini pana nakala hapakuwa na kitu.

Kwa taasisi zetu hatari huanzia mahali pa kawaida zaidi, yaani kwenye umeme. Kanzidata huandika data kwa kurasa ndogo ndogo. Za MySQL kwa kawaida ni kilobaiti 16, za PostgreSQL ni kilobaiti 8. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, ukurasa unaweza kubaki nusu mpya na nusu ya zamani. Mifumo mizuri hujikinga kwa kuandika mabadiliko kwanza kwenye shajara yake, kisha kuyahamishia kwenye kurasa, lakini kinga hiyo inategemea diski inayosema kweli inaporipoti kwamba imeshaandika, na diski za bei rahisi haziaminiki kwa hilo. Ukurasa ulioharibika unaweza kukaa miezi bila kugunduliwa, mpaka siku mtu atakapoiomba kumbukumbu iliyomo ndani yake. Muda wote huo nakala ya kila usiku inaendelea kufunika ya jana yake, na baada ya wiki chache hakuna tena nakala safi popote. Mkulima hasubiri njaa ndipo afungue kihenge kuona kama dumuzi wameshaingia. Anayerejesha nakala kila baada ya muda na kuikagua hugundua uharibifu wakati bado ana nakala ya zamani iliyo nzima ya kurudia.

Anayegundua amechelewa hubaki na ukarabati, na ukarabati una gharama ambayo wakuu wengi wa taasisi hawaambiwi. Microsoft wenyewe huwashauri watumiaji wa kanzidata yao ya SQL Server warejeshe data kutoka kwenye nakala kwanza, na waifikie amri ya kukarabati pale tu ambapo nakala haipo, kwa sababu amri hiyo huweza kuziondoa kurasa isizoweza kuzisoma. Mfumo unawaka tena, watumishi wanashangilia, na rekodi zilizokuwa kwenye kurasa hizo zimekwenda. MySQL nayo ina ngazi za kuilazimisha kanzidata iwake, kuanzia 1 hadi 6, na kuanzia ngazi ya 4 waandishi wake wanaonya kwamba data zinaweza kuharibika moja kwa moja. Ndiyo maana fundi makini huzuia kwanza uandishi wowote mpya, akanakili faili zilizoharibika kama zilivyo, kisha akafanya majaribio yake kwenye nakala hiyo. Anayekimbilia amri ya ukarabati juu ya faili la pekee alilo nalo, huku mkurugenzi amesimama nyuma yake akitaka mfumo urudi kabla ya saa sita mchana, anaweza kuteketeza kile ambacho mtaalamu angeweza kukiokoa.

Wapo watakaosema kwamba wao wana seva mbili zinazofanana, moja ikifa nyingine inachukua zamu. Mpango huo unafaa kwa diski iliyokufa. Haufai kwa amri mbaya wala kwa kirusi, kwa kuwa seva ya pili hupokea kwa uaminifu kila kitu kinachotokea kwenye ya kwanza, ufutaji ukiwemo. Maersk, kampuni kubwa ya meli ya Denmark, ilijifunza hili kwa hasara kubwa tarehe 27 Juni 2017 iliposhambuliwa na kirusi cha NotPetya. Seva zake zinazotunza utambulisho wa watumiaji na ruhusa zao, zipatazo 150, zilikuwa zikipeana data muda wote, hivyo kila moja ilihesabiwa kuwa nakala ya mwenzake. Zilifutika zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana, na hiyo ilinusurika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao. Kampuni hiyo ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300.

Wengine watasema tuhamishie kila kitu kwenye wingu na tusahau. Wingu ni seva za mtu mwingine ndani ya jengo fulani, na majengo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waliolipia nakala rudufu waligundua kwamba nakala hizo zilikuwa eneo lilelile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mmoja wao alipwe fidia ya zaidi ya euro 100,000, lakini fidia hairudishi data. Korea Kusini, nchi ambayo wengi huitaja kama mfano wa serikali mtandao, ilipoteza terabaiti 858 za nyaraka za watumishi wa umma baada ya moto wa betri katika kituo cha Daejeon tarehe 26 Septemba 2025. Nyaraka hizo hazikuwa na nakala nje ya kituo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba zilikuwa nyingi mno kunakiliwa. Sisi tuna jambo la ziada la kuzingatia. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na Kenya. Taasisi ambayo nakala yake pekee iko ng'ambo ingekuwa nayo, na isingeweza kuivuta.

Pingamizi zito zaidi linahusu faragha. Kurejesha kumbukumbu halisi za wagonjwa kwenye mashine ya majaribio ni kuongeza mahali pengine zinapoweza kuvujia, na anayeleta hoja hii ana haki ya kujibiwa. Mashine ya zoezi isiunganishwe na mtandao, ifunguliwe na wale tu wenye ruhusa ya kuziona data hizo katika kazi zao za kila siku, na ifutwe kabisa zoezi linapoisha. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka taarifa zilindwe zisipotee, si zisiibwe tu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inataja waziwazi uwezo wa kurejesha taarifa kwa wakati. Ama kuhusu fedha, ofisi ndogo inahitaji kompyuta moja ya ziada na siku ya kazi ya mtu wa TEHAMA mara moja kila robo mwaka. Taasisi kubwa zitahitaji zaidi, nazo ndizo zenye bajeti za kununua mifumo mipya kila baada ya miaka michache.

Hivyo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakaguzi wa vyama vya ushirika na mamlaka za afya wangeanza kwa kuuliza mambo matatu: data zilirejeshwa lini mara ya mwisho, ilichukua saa ngapi, na ni kazi ya muda gani iliyokosekana kwenye nakala. Majibu yalinganishwe na muda ambao taasisi yenyewe imetamka kwamba inaweza kuvumilia. Zoezi lifanywe na mtu ambaye hakuusimika mfumo, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa peke yake, bila kumpigia simu fundi aliyezoea. Akikwama kwenye hatua ya tatu kwa sababu nenosiri analo fundi huyo kichwani, hilo liandikwe kwenye ripoti kama dosari ya mfumo, na lirekebishwe kabla ya robo mwaka ijayo.